Dada Yetu Aliyepaka Kijani Kiwanja Chake

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu nimepewa niusome mimi, mdogo wake wa kumfuata, kwa sababu watoto wake wamesema sauti hazitatoka na shemeji yangu amesema yeye atakaa tu. Kwenye ratiba mliyoshika mikononi umechapishwa wote, isipokuwa yale nitakayoongeza mwenyewe na maneno ya mwisho kabisa, ambayo nimekabidhiwa asubuhi ya leo. Naomba tuvumiliane. Marehemu mwenyewe asingevumilia. Saa hii angekuwa ameshasimama kwenda kuuliza nani amefunga turubai upande ambao jua halipigi.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 katika kambi ya wajenzi wa barabara, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza kati ya watoto sita. Baba yetu alikuwa msimamizi wa kikosi, na nyumba yetu ilikuwa ya mabati, ya kufungua na kufunga, iliyopakiwa kwenye lori kila barabara iliposonga mbele. Mama alizoea kusema kwamba huyu binti alianza kutambaa kambi moja akasimama dede kambi nyingine, na ndiyo maana hakuwahi kujua kukaa. Alipokuwa na miaka minane kikosi kilihamia sehemu mpya. Wanaume walichimba choo, wanawake wakajenga jiko. Jioni watu wakiwa wanakula, binti alisimama na sahani yake mkononi.

"Baba, upepo unatoka kule. Choo kiko kule. Sisi tunakula huku. Nani kapanga hivi?"

Baba, ambaye ndiye aliyepanga, alimwambia, "Kula kwanza, mama." Hakula. Kesho yake choo kilihamishwa, na kuanzia hapo wanaume wa kambi walikuwa wakimwuliza kabla ya kuchimba, kwa utani mwanzoni, halafu si kwa utani tena.

Alisoma shule za msingi tatu tofauti, akifuata barabara, na kumaliza mwaka 1970. Alichaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni, ambako tulidhani angalau sasa atatulia, maana kule kuna uzio na kengele. Katika muhula wake wa pili mlezi wa bweni aliingia akakuta vitanda vyote vimegeuzwa. Marehemu alikuwa amevipanga upya peke yake wenzake wakiwa uwanjani, ili kila msichana apate hewa ya dirisha na asiwepo wa kulala na mlango usoni. Alipewa adhabu ya kufyeka majani. Vitanda vilibaki alivyovipanga, kwa sababu mlezi mwenyewe aliona wasichana wanakohoa kidogo kuliko zamani, ila hakumwambia. Baada ya kidato cha sita alijiunga na chuo cha ardhi na majenzi na kuhitimu stashahada ya juu ya mipango miji mwaka 1980. Darasani walikuwa wasichana wawili. Mwenzake aliolewa na kwenda zake, kwa hiyo siku ya kupiga picha ya wahitimu marehemu ndiye pekee aliyevaa sketi, na kwenye picha hiyo ametoka na ukungu kwa sababu alisogea.

Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa katika ofisi ya mipango ya wilaya yetu, kwenye kile chumba kirefu cha ghorofani chenye meza za kuchorea na makabati ya droo pana za kuwekea ramani. Feni ya pale ilikuwa na mwendo wa aina mbili, kuzima na kimbunga, kwa hiyo kila ramani ilikandamizwa kwa mawe. Kwa wale waliokuwa wakimsimamisha barabarani kumwomba viwanja, napenda niwaambie leo kwamba kazi yake haikuwa kugawa viwanja. Kazi yake ilikuwa kuamua ardhi ya wilaya itumike kwa nini: watu walale wapi, wafanye kazi wapi, watoto wasome wapi, na pabaki wazi wapi. Kwenye ramani makazi hupakwa njano, viwanda na karakana hupakwa zambarau, na pasipojengwa hupakwa kijani. Hayo ndiyo yaliyomkosesha usingizi maisha yake yote, rangi tatu.

Mwaka 1984, akiwa kijana na hajajua kushindwa, alichora mtaa mpya wa mlimani. Familia za bondeni, zilizokuwa zimebanana kwenye vyumba vya udongo nyuma ya viwanda vya mbao, zilihamishiwa huko. Ulikuwa mtaa wa kupendeza: barabara zimenyooka, bomba kila nyumba, shule katikati. Njano tupu, safi. Zambarau aliiweka mbali, ng'ambo ya wilaya, ili kelele za misumeno na vumbi la mbao visimfikie mtu aliyelala. Kati ya njano na zambarau alichora barabara ya basi kwa mstari wa nukta, maana yake itajengwa baadaye. Nukta zile zilibaki nukta. Watu wa mlimani wakawa wanateremka kwa miguu kabla jua halijachomoza na kurudi usiku, wamechoka hata kula hawali. Haikuchukua muda mrefu nyumba nyingi zikawa na kufuli mlangoni, wenyewe wamerudi kupanga bondeni palepale walipotolewa.

Taarifa zilipofika ofisini marehemu alisema ni uongo wa madalali. Akapanda mlimani mwenyewe. Alimkuta mama mmoja aliyekuwa akifagia kiwanda cha mbao, anafunga godoro lake kwa kamba.

"Mwanangu," yule mama alimwambia, wala hakuwa na hasira, "nyumba yako nzuri. Ila nimechoka kulala njaa kwenye chumba kizuri. Nishikie hapa nikaze."

Dada alimshikia kamba. Jioni alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia wala kukaa. Alisema, "Nimepanga kama mtu asiyekula." Mimi nilimwambia yatapita, kila mtu hukosea kazini. Alinitazama kama nimemtukana.

Kuanzia mwaka ule alijiwekea sheria ambayo haiko kwenye kitabu chochote cha kazi yake: hapaki rangi mtaa wowote kabla hajaishi hapo mvua moja nzima. Si kutembelea, kuishi. Alitafuta chumba, akalipa kodi, akapanga foleni ya maji na wenzake. Bosi wake alidhani amechanganyikiwa. Wenye nyumba walidhani ni mpelelezi wa kodi, wakawa wanampikia vizuri. Alianza na mtaa wake mwenyewe wa mlimani, akawa anateremka na kupanda kwa miguu kila siku na ramani zake kwapani, akiingia ofisini na viatu vyekundu kwa vumbi na kuvitua mezani kwa bosi ili avione. Barabara ya basi ilijengwa mwaka 1991, na aliyeijenga hasa ni kelele zake. Baadaye alibadilisha mpango, karakana ndogondogo zikaruhusiwa mwisho wa kila mtaa, seremala hapa, mchomeleaji pale, na makufuli yakaanza kufunguliwa moja baada ya jingine.

Sasa nije kwenye ndoa. Shemeji yangu ni fundi mwashi. Walikutana Februari 1986, yeye akiwa juu ya jukwaa, amemaliza kupiga lipu ukuta wa duka la mtu. Marehemu alifika na kopo la rangi nyekundu, akapima kwa macho, akapima kwa kamba, kisha akachora alama ya X katikati ya lipu mbichi. Duka lilikuwa limeingia kwenye hifadhi ya barabara.

"Dada," shemeji alimwambia kutoka juu, "ungekuja jana ungenipunguzia kazi."

"Na wewe ungeuliza juzi," alijibu, "ungenipunguzia rangi."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba mwaka huohuo. Walijaliwa binti mwaka 1988 na mtoto wa kiume mwaka 1992. Shemeji hakuomba makubwa kwenye ndoa ile. Aliomba kitu kimoja tu, ajenge nyumba yake. Fundi anayejengea watu nyumba na yeye anakaa ya kupanga, wenzake humsema kila wanapokaa kula, na wa kwake walimsema mpaka wakachoka. Marehemu alimjibu kwamba maadamu yeye ndiye anayeshika kalamu ya ramani wilayani, hatashika kiwanja wilayani. Alisema mtu akipaka rangi ardhi yake mwenyewe mkono hutetemeka. Shemeji alikubali, akidhani ni mambo ya miaka mitatu minne, apande cheo aache kuchora. Alipanda cheo, akawa mkuu wa idara, na hakuacha kuchora. Ikawa miaka thelathini.

Ninyi mliowatembelea mnajua walivyoishi. Watani walisema dada ni mpangaji ofisini na mpangaji nyumbani. Waliishi jirani na machinjio. Waliishi nyuma ya stendi. Waliishi ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga, ambako mlikuwa mkizungumza kwa kupigiana kelele hata mambo ya siri. Kitanda chao kilikuwa cha kufunguka vipande, na shemeji alikuwa akikifungua bila kuambiwa, akiona tu marehemu ameleta ramani mpya nyumbani. Kuna nyumba mlango wake ulikuwa mwembamba, kabati likakaa nje chini ya turubai masika yote, na jogoo wa jirani akahamia humo. Binti yao akiulizwa shuleni "Unakaa wapi?" alikuwa akijibu, "Kwa sasa?" Tulicheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini nasema wazi hapa mbele ya jeneza lake kwamba nilikuwa na hasira naye. Nilimwona shemeji anavyozeeka mabegani, anapandisha kuta za watu, jioni anarudi kwenye chumba ambacho hata msumari hawezi kupiga bila kumwomba mwenye nyumba.

Na dada mwenyewe hakuwa wa kukaa naye. Chai alikunywa amesimama. Akija kwako anasogeza makochi. Ukimwambia "Keti basi, dada," anakuuliza kwa nini dirisha lako linatazama ukuta. Nilimpenda sana, na kila alipoondoka nilivuta pumzi, kisha ndani ya saa moja nilianza kumtamani arudi.

Alistaafu tarehe 9 Aprili 2016, siku aliyotimiza miaka sitini. Aliweka kalamu chini, na wiki iliyofuata akaenda kupanga foleni kuomba kiwanja kama raia yeyote, akikataa kupitishwa mlango wa nyuma na vijana aliowafundisha kazi. Mwaka uliofuata walipata. Kilikuwa upande wa juu wa bonde, chini ya mlima, na kwenye ramani ya zamani palikuwa njano. Sijapata kumwona shemeji vile. Umri ulikuwa umekwenda, lakini alichimba msingi peke yake, akakataa vibarua, akachagua kila jiwe kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nilipokwenda kuona alinitembeza juu ya udongo mtupu.

"Hapa sebule. Hapa jiko, dada yako ameshaligeuza, usiulize. Hapa chumba chetu. Na hapa wewe, shemeji, ukija kutusumbua."

"Mbona changu kidogo?"

"Ili usikae sana."

Mwaka 2019 halmashauri ilimwita arudi. Ilikuwa inaandaa mpango mpya wa wilaya, wa miaka ishirini, wa nyumba na ajira na matumizi ya ardhi yote, na aliyeijua ardhi hii kwa nyayo alikuwa ameshastaafu. Shemeji alimwuliza, "Mwaka mmoja tu?" Akajibu, "Mwaka mmoja tu." Wote wawili walijua ni uongo. Kuhusu kiwanja alisema hakuna shida, kiko nje ya maeneo yanayobishaniwa, na hilo halikuwa uongo, alidhani ndivyo ilivyo. Ujenzi ulisimama kwenye msingi, wangoje amalize.

Shida ilitoka mlimani. Tangu mtaa ule ujae mabati na lami, mvua haikuwa na pa kuzama. Maji yalishuka kwa kasi, na yalishukia mahali pamoja, ukanda mrefu chini ya mlima ambao mpango wa zamani ulikuwa umeugawa viwanja. Ukanda ule ukibaki wazi, maji yanapita yanaingia mtoni. Ukijengwa, yanapitia kwenye nyumba za bondeni. Marehemu alilijua hilo kwa uchungu, kwa sababu mabati yale ya mlimani yalitoka kwenye kalamu yake. Akaamua ukanda wote urudi kuwa kijani na wenye viwanja wapewe vingine juu zaidi, vikipatikana. Wenye viwanja walikuwa watu wa kila aina, wakubwa na wadogo. Kimoja kilikuwa cha kwao. Tena kilikuwa pembeni kabisa mwa ukanda, ilitosha kalamu iteleze kidogo tu kibaki njano.

Machi 2021 alipaka. Mchana ule alimkuta shemeji anakula.

"Mzee, nimepaka kijani."

"Wapi?"

"Kwetu."

Shemeji alinawa mikono akatoka nje. Baada ya hapo hakusema naye isipokuwa habari za chumvi na funguo. Watoto walinipigia simu, nikaenda na hasira zangu zote za miaka yote.

"Dada, sogeza huo mstari."

"Hausogei."

"Kidogo tu. Upana wa kitanda!"

"Nikiusogeza upana wa kitanda kwa ajili yangu, kesho kila mtu atakuja na kitanda chake."

"Mwombee basi wampe kingine."

"Ameshaandikwa. Walio mbele yake ni wengi, na wengine wana watoto wadogo. Nimruke nani?"

"Huyu mwanaume amekungoja miaka thelathini! Una moyo wewe?"

"Unadhani sijui?" alisema, na akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anaketi bila kulazimishwa. Alilia, dada yetu ambaye hakulia hata tulipomzika baba.  Halafu akasimama akasema chai inapoa.

Agosti mwaka huohuo miguu ilianza kuvimba. Hospitali ya wilaya ilimpa rufaa, na huko ikaonekana ni figo. Alianza kwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kwanza kwa matibabu, pili kwa subira, maana alikuwa kwenye mashine amechomwa mirija mkononi na bado anawaelekeza kwamba benchi za wanaongoja zimewekwa njia ya machela. Wauguzi walimwita Mama Sogeza. Benchi zilisogezwa. Aliendelea na mpango akiwa amelala, vijana wa ofisi wakimletea ramani na kumshikia, kwa sababu mawe hayakuruhusiwa wodini.

Mwaka 2022, mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, alidai ahamishwe nyumba. Alitaka chumba jirani na ukanda ule, akae mvua moja kabla mpango haujapelekwa kwa madiwani. Daktari alikataa. Watoto walikataa. Mimi nilimwambia amekuwa kichaa rasmi. Shemeji, ambaye bado alikuwa kwenye chumvi na funguo, alitoka bila kuaga, akarudi na pikapu, akaanza kufungua kitanda. Nilimfuata nikamwuliza anafanya nini.

"Nimehama na huyu mwanamke akiwa mzima," alisema. "Nitakataa akiwa mgonjwa? Shika mbao hiyo."

Nilikuwepo siku mvua kubwa ilipokuja, maana nilikuwa nimekwenda kumuuguza. Ilikuwa mchana. Tulimweka dirishani, shemeji amesimama nyuma yake. Maji yaliteremka kutoka mlimani rangi ya chai ya maziwa, mapana, yanaburuta matawi na ndoo. Mwenye kiwanja cha juu alikuwa ameshainua ukuta wake kwa haraka kabla ya mpango kupita. Maji yaligonga ukuta ule yakageuka upande, yakajaza msingi wa shemeji mpaka mawe aliyoyachagua hayakuonekana tena.

"Pale ndipo ningeweka kitanda," shemeji alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu kwa mke wake baada ya zaidi ya mwaka.

"Unyevu ungekusumbua," dada alisema.

"Nikiinua msingi ufike kiunoni, kwangu hayaingii."

"Najua. Wewe ni fundi."

"Basi."

"Basi yataenda wapi?"

 Chini kidogo ya pale kuna nyumba ya mama mmoja mshona nguo, na kutoka dirishani tulimwona mlangoni kwake na wanawe, maji yamefika magotini, wanahangaika kupandisha godoro juu ya meza. Cherehani ilikuwa bado chini. Shemeji alikunja suruali akatoka kwenye mvua ileile, tukamwona anavuka, anaingia kwa yule mama, anatoka amebeba cherehani kichwani. Aliporudi alikuwa anatetemeka. Alivuta kiti chake akakiweka karibu na cha mke wake, wakaanza kuzungumza, na walizungumza mpaka nikawaacha nikaenda kulala.

Marehemu alifariki dunia hospitalini asubuhi ya Ijumaa tarehe 12 Mei 2023, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mkono wake ulikuwa mkononi mwa mume wake. Mguu mmoja alikuwa ameshautoa nje ya shuka, anataka kushuka kitandani.

Mpango wake haujapita. Unakwenda mbele ya madiwani Jumatano ijayo, na ndiyo maana sina utulivu hapa nilipo. Juzi msibani, mheshimiwa mmoja alikuja kutoa pole. Sitamtaja, amekaa vizuri tu safu ya mbele. Alimshika shemeji bega akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa namimina chai palepale, "Mzee, jipe moyo. Jumatano ule mstari tutausogeza. Kwa heshima ya mama, kiwanja chako kitabaki njano, utajenga." Shemeji alisema asante. Nami nikawaza, mstari ule ukisogea kwa mjane mmoja, nani atakayeuzuia kusogea kwa waliojificha nyuma yake?

Marehemu ameacha mume. Binti, ambaye ni mwalimu. Mtoto wa kiume, ambaye ni fundi umeme. Mkwe mmoja na wajukuu watatu. Kaka yetu mkubwa, mimi, na wadogo zetu wawili. Shangazi yetu, ambaye ameshindwa kusafiri kwa sababu ya uzee. Na wenye nyumba wengi mno, ambao nimewaona leo wamekuja na wamesimama pamoja kule nyuma, wakilinganisha alivyowasumbua.

Maneno yaliyobaki ni ya shemeji. Amesema niyasome kama alivyoyatoa, nisiyapambe.

"Waheshimiwa madiwani. Mimi ni fundi. Nimengoja kujenga nyumba yangu tangu nilipooa, na kiwanja bado ninacho. Nimeambiwa Jumatano mtanisogezea mstari kwa huruma. Huruma yenu nimeipokea. Lakini mkinipa kile kiwanja nitajenga, kwa sababu najijua, siwezi kuwa na kiwanja nikakaa nakitazama. Nitainua msingi, nitaziba kila upenyo, na tone halitaingia kwangu. Litaingia kwa yule mama wa cherehani. Basi naomba msinipe."

Mungu ampe dada yetu utulivu ambao duniani aliukataa.